Bawabu wa Nyaraka

Nilimkuta fundi ameketi mbele ya kompyuta, mikono ameikunja kifuani, haandiki neno. Na mimi, niliyezoea kuwaona vijana wa siku hizi wakigonga vibonye kama mvua ipigavyo bati, nilidhani kazi imemshinda. Haikumshinda. Alikuwa akisoma orodha ya watumishi wa ofisi ile, jina baada ya jina, na kila aliyepita karibu naye alimwuliza: huyu bado yupo? Huyu amehamia idara gani? Na huyu aliyestaafu, kwa nini jina lake lingali hai? Alikuwa ameitwa kusimamisha seva pepe ya kutunzia nyaraka, ili majalada yaliyokuwa yakiliwa na mchwa makabatini yapate makao mapya, na kila mtumishi aingie humo kwa jina lile lile na nywila ile ile anayofungulia kompyuta yake asubuhi. Siku nzima ya kwanza hakuigusa seva. Aliwasoma watu.

Mwenendo huo ulinirudisha kwenye masijala niliyoijua ujanani mwangu. Karani wake alikuwa mzee tuliyemwita Maalim, kwa kuwa jioni alisomesha watoto Kurani barazani kwake. Na meza yake aliiweka pale pale penye mlango, hata mtu asiweze kuyafikia makabati bila ya kumpitia yeye. Juu ya meza palikuwa na daftari refu lenye jalada jeusi, ambalo ndani yake iliandikwa nambari ya kila faili lililotoka, jina la aliyelichukua na tarehe, na siku liliporudi mstari ule ulikatwa kwa wino mwekundu. Lisiporudi, Maalim alivaa kofia yake akalifuata mwenyewe, chumba kwa chumba, bila ya kelele na bila ya kuchoka. Alitutambua kwa vishindo vya viatu kabla hatujabisha hodi.

Siku moja mkubwa wangu alinituma nikamchukulie jalada la mtumishi mwenzangu. Maalim alinisikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akasema, “Mwanangu, mkubwa wako namjua, nawe nakujua, lakini idhini yake siioni. Nenda akaandike.” Nilirudi kwa hasira, nikamletea kijikaratasi, akakisoma mara mbili ndipo akanipa. Kwa muda mrefu niliona kuwa mzee yule alinidhalilisha. Ilipita miaka kabla sijatanabahi kwamba jalada langu mimi nalo lilikuwa katika kabati lile lile, pamoja na cheti changu cha kuzaliwa, maradhi yangu na barua za taksiri zangu, na kwamba usingizi niliolala miaka yote hiyo ulikuwa umelindwa na miwani yake.

Seva haina macho ya Maalim. Haimjui mtu kwa mwendo wala kwa sauti, na atakayeijia na maneno sawasawa itamfungulia, awe mwenyewe au mwizi. Ndiyo sababu ya kuwapo saraka, kitabu kimoja cha watu wote wa nyumba, na itifaki ya kukiuliza kitabu hicho. Itifaki hiyo, iitwayo LDAP, ilitungwa na Tim Howes wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, pamoja na wenzake, na waraka wake wa kwanza ulitoka mwaka 1993, kwa nia ya kuwatua watu mzigo wa kanuni za X.500 za mwaka 1988 ambazo kompyuta ndogo za mezani za wakati ule hazikuweza kuzibeba. Kila mtu katika saraka ana jina refu lisomwalo kutoka kwake kwenda juu: kwanza yeye, kisha idara yake, kisha taasisi, hadi kwenye mzizi wa mti mzima. Sisi watu wa pwani jambo hili tulinyonya nalo. Ajitajaye kuwa ni Juma bin Ali bin Salim wa Pangani ametaja jani, tawi na shina, akafika udongoni, wala Juma wengine wote wa mjini hawatachanganywa naye. Saraka ni elimu ya nasaba iliyopewa umeme.

Programu aliyoichagua fundi ni Alfresco, iliyoanzishwa mwaka 2005 na John Newton na John Powell, na kuisimamisha kwenyewe hakukumchukua muda. Kilichomchukua muda ni adabu za mlangoni. Seva, kabla ya kumwuliza mtu jina lake, yapaswa kujitambulisha yenyewe kwa saraka. Na mafundi wengi, kwa uvivu, huipa jina la msimamizi mkuu mwenye uwezo wa kujenga na kubomoa kila kitu. Yeye aliifungulia jina dogo, lisiloweza kufanya lolote ila kusoma. Kisha akanionyesha jambo ambalo sijalisahau: akaisikiliza waya kwa programu ya kunasia mazungumzo ya mtandao, akaingia kupitia mlango wa 389, na nywila yake ikatokea mbele yetu herufi kwa herufi, uchi kabisa, kama barua isiyo na bahasha. Akafuta, akaweka vyeti vya usimbaji, akahamia mlango wa 636, akasikiliza tena. Safari hii tuliona vurugu tupu la alama. Hakutabasamu, alishusha pumzi.

Jaribio lake la mwisho lilikuwa dogo kuliko yote. Aliandika jina lake, pahali pa nywila akapaacha patupu, akabonyeza. Kwa mujibu wa itifaki yenyewe, kama ilivyofafanuliwa katika waraka wake uitwao RFC 4513 wa mwaka 2006, ajaye na jina bila ya nywila huweza kupokewa kama mgeni asiyejulikana, na programu isiyotahadhari itaudhania ukarimu huo kuwa ni ithibati, imfungulie hazina yote mtu aliyenyamaza. Fundi alikataliwa na seva yake mwenyewe, akaridhika.

Nyaraka zenyewe huhifadhiwa namna ya ajabu. Ukichungulia ghala la Alfresco hutaona “Barua ya Mirathi” wala “Hesabu za Mwaka”. Utaona mabweta ya mwaka, mwezi, siku, saa na dakika, na ndani yake mafaili yenye majina ya tarakimu na herufi zisizotamkika. Jina la waraka, mwenyewe na ruhusa zake vimo katika hifadhidata, mbali na mwili wake. Mwenye kuokoa ghala akapoteza hifadhidata amebaki na kaburi la halaiki. Kwa hiyo fundi alipanga nakala za akiba zichukuliwe kwa taratibu: hifadhidata kwanza, ghala baadaye, ili kila jina lililomo katika nakala liwe na mwili wake, kwani mwili uliozidi hauna madhara, bali jina lisilo na mwili ni msiba. Nilipomwuliza kwa nini asipige tu picha ya mashine nzima kama wafanyavyo wengine, alijibu, “Bwana, picha iliyolala diski moja na mashine yake huungua pamoja nayo.”

Seva pepe huzaliwa kwa dakika chache, na kwa kuwa huzaliwa upesi watu wamedhani kuwa hulelewa upesi. Nimeona mahali programu imeachwa na msimamizi wake wa kuzaliwa nao, aitwaye admin, na nywila ni hiyo hiyo admin. Nimeona saraka zenye marehemu wengi kuliko walio hai, na kila marehemu ana ufunguo. Wafanyao hivi si wajinga. Wengi wao wana elimu kumpita Maalim mara kumi. Walakini hawakupata kukaa na mtu aliyevaa kofia akalifuata faili moja, na ufundi wa namna hiyo hauandikwi katika kitabu cha maelekezo.

Fundi wangu alihamia mji mwingine. Juzi nilipita katika ofisi ile, nikakuta kijikaratasi kimebandikwa kwenye pembe ya kompyuta, kina jina moja na nywila moja, kwa wino mzito ili wote wasome. Nikaomba nionyeshwe kumbukumbu za matumizi, lile daftari jeusi la zama hizi ambalo fundi alikuwa ameliandaa kwa subira nyingi. Mistari ilikuwa maelfu, na mtumishi mmoja alikuwa amefungua kila waraka, wa kila idara, asubuhi na usiku, siku za kazi na sikukuu. Nilitaka nimwone. Nikaambiwa yuko likizo ya uzazi, mwezi wa pili sasa.