Kichanja Kisichoulemea Ukuta

Gundi nyeupe ya mbao haingojei mtu. Ukishaipaka kwenye kingo za mbao nne za uso wa meza, una dakika chache tu, kumi ukibahatika, kabla haijaanza kufanya utando. Kaskazi ikivuma, Januari na Februari, hata hizo kumi huzipati. Ndani ya muda huo seremala apange mbao, azilinganishe kwa kiganja, akaze klampu ya katikati, kisha za pembeni, apitishe mbili juu ili ubao usipinde, afute gundi iliyochuruzika. Klampu inayotafutwa wakati huo chini ya rundo la makapi haina tofauti na klampu ambayo haipo.

Kwa hiyo nikiingia karakana ya seremala, kabla sijatazama makabati na vitanda, hutazama klampu zimewekwa wapi. Nyingi hapa Unguja zimelala nyuma ya mlango, zimelaliana, skrubu ya moja imejitia kwenye reli ya nyingine. Siwalaumu wenyewe. Kichanja cha klampu ni kazi isiyo na mteja: siku utakayokitengeneza ni siku ambayo hakuna kitanda kilichouzwa, na hakuna bibi harusi atakayeuliza bei yake.

Fundi mmoja wa Mji Mkongwe amekitengeneza. Anafanya kazi chini ya nyumba anayokaa, katika chumba ambacho zamani kilikuwa duka, na ukiangalia haraka utadhani alichokiweka pale ni ngazi pana iliyosahaulika na wapaka rangi. Inabidi usimame kidogo.

Jambo la kwanza ni ukuta. Nyumba za mawe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa, unene wa nusu mita na kupita, na juu yake lipu ya chokaa. Piga msumari: hapa umegonga jiwe, msumari umepinda, vidole viwili pembeni umezama wote na bonge la lipu limeanguka miguuni. Plagi ya plastiki, ambayo kwenye zege hushika miaka, humu huzunguka tu ndani ya tundu lake. Wapo wanaoziba kwa saruji ili wapate pa kushikiza, na hao ndio wanaoharibu zaidi, kwani saruji huzuia unyevu kutoka, nao unyevu hutafuta njia nyingine na kubandua lipu ya jirani.

Sasa weka uzito. Klampu ndefu ya reli, ile ya chuma kizito ya mita moja na nusu, ina kilo tano au zaidi. Yeye anazo kumi na mbili. Hizo ni kilo sitini za chuma, bado hujahesabu ndogo. Juu kuna boriti za mikoko, ambazo urefu wake ndio ulioamua vyumba vya Mji Mkongwe viwe vyembamba, karibu mita tatu, na ungeweza kusema basi tutundike huko, kama susu ya jikoni. Lakini boriti huoza pale usipopaona, kwenye ncha iliyozama ukutani, na tayari imebeba dari nzima ya mawe na chokaa. Tangu sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020, watu wa huku hawana haja ya kuhubiriwa habari za kuongezea mzigo nyumba kongwe.

Na kuna chumvi. Ukuta wa matumbawe karibu na bahari una chumvi ndani yake, chumvi huvuta unyevu wa hewani, na chuma kilichouegemea hushika kutu upande wa nyuma, usioonekana mpaka siku skrubu inapokataa kuzunguka. Masika inapoingia, Machi hadi Mei, unaweza kuona ukuta umetota bila mvua kuugusa.

Kwa hiyo kichanja chake kinasimama kwa miguu yake. Miguu miwili ya mvule, mabaki ya fremu ya mlango wa mtu, imeegama kidogo nyuma, na kati yake na ukuta pana nafasi ya kupitisha mkono na kitambaa cha mafuta. Juu kabisa vibao viwili vidogo vya msaji ndivyo vinavyofika ukutani, navyo vinagusa tu, havibebi. Uzito wote unashuka sakafuni. Chini miguu imevishwa mpira wa tairi, kwa ajili ya unyevu wa sakafu na pia kwa ajili ya mchwa, ingawa mchwa na mvule hawapatani sana.

Mbao tatu za kukingama zimeingia kwenye miguu kwa ulimi na tundu, na kila ulimi umepigwa kigingi. Hakuna skrubu hata moja, wala gundi. Ndivyo walivyounga wachonga milango wa mji huu: kizingiti na miimo hushikana kwa ulimi, na mbao za mlango huzunguka kwa pini iliyokaa tunduni badala ya bawaba. Kuitumia kazi hiyo kwa kitu cha kutundikia vyuma, kwenye chumba ambacho mgeni haingii, naona ni ufahari. Ila ni ufahari wenye hesabu, maana kiungo cha namna hiyo kinaweza kufunguliwa siku ya kuhama kwa kusukuma vigingi vyake sita.

Nikipewa nafasi ya kusifu jambo moja tu, nitasifu meno. Kila klampu inakaa kwenye jino, yaani mwanya uliokatwa katika ubao wa kukingama. Njia ya haraka ni kukata mistari miwili kwa msumeno na kung'oa katikati kwa patasi, na mwanya wa namna hiyo una pembe mbili kali chini, na ufa huanzia penye pembe. Yeye alitoboa kwanza safu ya matundu ya mviringo, kisha akateremsha msumeno kutoka ukingoni hadi kwenye kila tundu. Kitako cha jino kimekuwa duara, hakina pa kupasukia. Tena keekee aliishika kwa mwinamo mdogo, hivi kwamba mdomo wa jino uko juu kuliko kitako chake. Ukiiweka klampu inajirudisha nyuma yenyewe. Ukiigonga kwa bega ukipita na ubao mrefu, haidondoki.

Nafasi kati ya jino na jino ni upana wa kichwa cha klampu na vidole viwili. Hivyo vidole viwili ndivyo wengi wanavyovinyima. Hubananisha meno ili kichanja kibebe zaidi, halafu kila wakichomoa klampu moja wanaondoka na jirani yake.

Klampu zenyewe hazikupangwa kwa urefu, jambo ambalo lisingempendeza mpiga picha. Zinazotumika kila siku ziko usawa wa kifua, upande wa benchi, vishikio vimetazama mkono wa kulia. Nne ni za kuchomelewa hapa hapa mjini kwa vyuma vya pembe na boliti ndefu, na kwa kuwa vichwa vyake havilingani, kila moja ina jino lililokatwa kwa kipimo chake. Mbili ni za Record, za Sheffield, za kurithi, bado zina rangi ya buluu kwenye mikunjo. Mwisho wa ubao pananing'inia kamba, vijiti vya kuisokotea na mfuko wa kabari, zana ambazo waunda mashua wa Nungwi wanazo siku zote kwa kubanishia mbao. Fremu ikiwa na umbo la ajabu, kamba huifika pale chuma kisipofika.

Na zile ndogo za umbo la G? Hizo zimepewa kidaka. Nyumba ilijengwa na zidaka zake ukutani, na kimoja amekikingamishia ufito wa mvinje, kikazitwaa zote.

Nikiwa bado nahesabu vidole kati ya meno, mtoto wa jirani akaingia.

"Shikamoo ami. Baba kasema umuazime klampu mbili ndefu."

"Marahaba. Chukua hizo mbili za mwisho. Kisha mwambie baba yako jino langu halikai tupu mpaka Alhamisi, nina meza ya kubana. Na azifute gundi kabla hajazirudisha."