Kusalimu Amri kwa Kuamrisha

Baba wa bolero, nyimbo za mahaba zilizozaliwa Kuba, alikuwa fundi cherehani. José "Pepe" Sánchez alishona nguo mjini Santiago de Cuba, hakusomea muziki, na nyimbo zake alizihifadhi kichwani, hivyo nyingi zilizikwa pamoja naye. "Tristezas", ambayo wengi huitaja kuwa bolero ya kwanza na kuiweka mwaka 1883, ina vipande viwili vinavyolingana kama mikono ya shati, na katikati gitaa hupita peke yake. Aliyezoea kukata kitambaa hapotezi neno.

Ila ninachokihusudu mimi katika bolero ni namna mpenzi anavyojisalimisha. Kiswahili husema aliyeshindwa "amesalimu amri", maana sasa mwenye amri ni mwingine. Kwenye bolero mambo hupinduka: aliyeshindwa ndiye anayeamrisha. Tazama majina tu. "Quiéreme mucho" ya Gonzalo Roig wa Kuba: nipende sana. "Júrame" ya María Grever wa Meksiko: niapie. "Bésame mucho" ya Consuelo Velázquez, naye wa Meksiko: nibusu sana. Mtu ameshatoa vyote, mkononi hana kitu, na bado anaamuru! Tena si amri ya bwana kwa mtumwa. Ni ya mgonjwa anayemwambia aliyeketi kando ya kitanda, nipe maji. Kihispania hulisaidia jambo hili kwa sarufi yake, kwani "me" hunata mwishoni mwa kitenzi, kwa hiyo uzito wa amri humwangukia yule yule anayeomba. "Ni" yetu hutangulia mbele.

Velázquez alisimulia kwamba alipoitunga "Bésame mucho" alikuwa hajawahi kubusiwa. Wapo wanaocheka. Mimi namwamini, maana fundi mzuri humpima mtu kwa macho akiwa bado yuko ng'ambo ya barabara.

Kisha kuna "Usted", ya Gabriel Ruiz na José Antonio Zorrilla. Humo mpenzi haitwi "tú", neno la waliozoeana, bali "usted", neno la kumwita mkubwa au mgeni. Malalamiko ya mahaba yamevikwa kanzu ya adabu, na ndiyo maana yanaunguza. Kiswahili hakina nafsi mbili za namna hiyo. Labda ingebidi umwamkie mpenzi wako shikamoo, bila kucheka.

Ninayempenda kuliko wote ni Álvaro Carrillo wa Oaxaca. Alisomea kilimo katika chuo cha Chapingo. Kwa lugha yetu, bwana shamba. Watunzi wengine huyaweka mahaba moyoni au machoni, yeye katika "Sabor a mí" akayaweka kwenye ladha. Nani ajuaye kumshinda bwana shamba kwamba embe huliwa likaisha, na utamu ukabaki kinywani?

Santuri za Kuba zilivuka bahari zikafika Kongo na huku kwetu, na Morogoro Salum Abdallah akaiita bendi yake Cuban Marimba. Kabla ya hapo iliitwa La Paloma, yaani njiwa. Njiwa, katika nyimbo zetu wenyewe, ndiye anayetumwa kwa mpenzi wa mbali. Naye haombwi, huamriwa.