Saa Moja Kabla ya Komunyo: Mfungo Ulivyopunguzwa na Kazi Tuliyoachiwa

Tuanze na hesabu. Chukua Misa ya Dominika inayoanza saa 1 asubuhi. Kuna masomo, homilia, sala ya waamini, matoleo, sala ya Ekaristi na Baba Yetu. Mpaka padre ashuke altareni na komunyo, saa 1:50 imefika, na penye matoleo marefu saa 2 imegonga. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 919, zinamtaka anayekwenda kupokea ajizuie chakula na kinywaji walau saa moja kabla ya komunyo, isipokuwa maji na dawa. Saa hiyo inahesabiwa kurudi nyuma kutoka komunyo yenyewe, siyo kutoka wimbo wa mwanzo. Kwa hiyo aliyemaliza chai na maandazi saa 12:45, akasukutua, akavuka barabara na kuingia kanisani, ameshika mfungo. Sheria haina neno naye.

Ila na yeye hana habari kwamba amefunga. Hapo ndipo penye shida ninayotaka tuichambue. Mfungo unaojishika wenyewe, bila mtu kuamua wala kusikia chochote mwilini, umemwandaa kwa lipi? Tulifikaje hapa, kwa sababu gani, na kazi iliyokuwa ikifanywa na mfungo ule mrefu sasa inafanywa na nani?

Mzizi wa jambo uko Korintho. Mtume Paulo, katika waraka wake wa kwanza kwa Wakristo wa mji ule, sura ya 11, anawakemea kwa sababu wanakutana kwa chakula cha Bwana huku wengine wana njaa na wengine wamelewa. Anawataka kila mmoja ajipime kabla ya kuula mkate na kukinywea kikombe. Haweki saa wala dakika. Anaweka kazi ya kufanya: kujipima.

Saa zilikuja baadaye, na mchango mkubwa wa kuziweka ulitoka Afrika. Mwaka 393 maaskofu walikutana Hippo, mji ambao leo unaitwa Annaba, nchini Algeria. Waliagiza kwamba sakramenti ya altare iadhimishwe na watu waliofunga, isipokuwa siku ile moja kwa mwaka ya kukumbuka Karamu ya Bwana. Augustino, wakati huo bado padre wa mji huo, baadaye aliandika barua akieleza sababu: kwa heshima ya Sakramenti kuu hii, Mwili wa Bwana uingie kinywani mwa Mkristo kabla ya chakula kingine chochote. Mtoto anaielewa sababu hiyo. Hata nyumbani kwetu mgeni wa heshima ndiye anayepakuliwa kwanza.

Ukiruka mpaka karne ya 20, unakuta desturi hiyo imeandikwa kama sheria isiyo na mwanya. Sheria za Kanisa za mwaka 1917, kanuni ya 858, zilidai mfungo kuanzia saa 6 usiku, na maji yalihesabiwa pamoja na chakula. Tone moja lililomezwa alfajiri kwa kusahau lilitosha kukuzuia kupokea siku hiyo. Msamaha ulikuwepo kwa aliye hatarini kufa, na kwa mgonjwa aliyelala kitandani mwezi mzima kwa masharti. Misa yenyewe, kwa kanuni ya 821, haikuruhusiwa kuanza baada ya saa 7 mchana.

Bibi yangu alipata komunyo yake ya kwanza chini ya sheria hiyo. Nilipokuwa mtoto, miaka mingi baada ya sheria kubadilika, bado nilimwona akifanya jambo moja kila Jumamosi usiku. Akishaosha vyombo alifunika mtungi wa maji, kisha akaigeuza kata juu ya kifuniko, mdomo chini. Siku nyingine kata ililala ubavuni mwa mtungi, tayari kwa yeyote mwenye kiu. Jumamosi iligeuzwa ili aliyeamka gizani na kupapasa, mkono wake uguse mgongo wa kata badala ya shimo lake, akumbuke. Kanga ya kanisani ilikwisha kukunjwa juu ya kiti, rozari juu yake.

Angalia kata ile ilifanya kazi ngapi. Kwanza, ilisogeza mwanzo wa Misa mpaka Jumamosi usiku. Mtu alilala akiwa tayari yuko njiani. Pili, iliihusisha nyumba nzima, kwa kuwa mtungi ni wa wote na hata sisi tusiopokea bado tuliuliza kwa nini. Tatu, iliukabidhi mwili ujumbe. Akili husahau haraka, lakini koo kavu hukukumbusha kila hatua unakokwenda. Watu waliotunga utaratibu huu walijua kwamba uchaji hauji kwa kuuita mtu akishaketi kwenye benchi.

Lakini haki lazima itendeke kwa upande wa pili. Sheria ile ilikuwa na gharama, na gharama hiyo ilizidi kuonekana kadiri Kanisa lilivyowaita watu mezani mara nyingi zaidi. Mtaguso wa Nne wa Laterani, mwaka 1215, ulidai komunyo walau mara moja kwa mwaka, wakati wa Pasaka, na kwa karne nyingi waamini wengi waliishia karibu na hapo. Mwaka 1905 Papa Pio X aliwahimiza wapokee mara kwa mara, hata kila siku. Mwaka 1910 akawafungulia mlango watoto walioufikia umri wa kupambanua, yaani kama miaka 7. Wito ukapanuka, lango likabaki jembamba vilevile. Mfanyakazi wa zamu ya usiku angefanyaje? Mama aliyetembea saa tatu kutoka kijijini hadi misioni, mtoto mgongoni, bila tone la maji? Padre aliyeadhimisha Misa alfajiri parokiani, kisha akaendelea kwa miguu au baiskeli mpaka kigango cha mbali kwa Misa ya pili, tumbo tupu hadi adhuhuri? Wengi walioshindwa hawakukosa imani. Walikosa nguvu.

Marekebisho yalikuja kwa hatua tatu, na mfuatano wake una la kufundisha. Hatua ya kwanza ni Januari 1953, katika hati Christus Dominus ya Papa Pio XII. Maji yaliacha kuhesabiwa kama kitu kinachovunja mfungo. Wagonjwa, wenye kazi nzito, wanaopokea saa za kuchelewa na wenye safari ndefu waliruhusiwa kinywaji kisicho na kileo, baada ya kushauriana na padre muungamishi. Misa za jioni nazo ziliruhusiwa kwa masharti. Mfungo wa saa 6 usiku ulibaki kuwa kanuni, na nafuu ikawa ya wenye sababu.

Hatua ya pili ni Machi 1957, katika hati Sacram Communionem ya Papa huyohuyo. Nafuu sasa iligeuka kuwa kanuni ya wote: saa tatu bila chakula kigumu na kileo, saa moja bila vinywaji vingine, maji huru. Ruhusa ya muungamishi haikuhitajika tena. Hatua ya tatu ni tarehe 21 Novemba 1964, wakati wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, Papa Paulo VI alipoushusha mfungo hadi saa moja kabla ya komunyo. Sheria za mwaka 1983 ziliithibitisha saa hiyo, na kuwaondolea sharti wazee, wagonjwa na wanaowahudumia.

Katika hati ya 1957 kuna jambo ambalo wengi wetu hatukufundishwa. Papa alipofupisha mfungo, papo hapo aliwasihi mapadre na waamini wanaoweza waendelee na ule wa zamani, na wanaotumia nafuu wailipe kwa toba na matendo ya upendo. Ruhusa na ombi vilitoka katika hati moja. Tulichukua ruhusa, ombi tukaliacha mezani.

Huo ndio uamuzi wangu juu ya historia hii. Kanisa halikukosea kuufupisha mfungo. Lilimfungulia mlango mama yule wa safari ndefu, na nani atamfungia tena? Lilichofanya ni kuuhamisha mzigo. Zamani sheria ilikuandaa hata ukiwa mzembe, maana njaa haikungoja uamue. Sasa maandalizi yamekabidhiwa dhamiri yako, na asiyejua kwamba amekabidhiwa kitu hawezi kukitunza.

Bahati nzuri vifaa vingine vya maandalizi havikuondolewa. Kitubio kipo. Agizo la Bwana katika Mathayo 5, la kuiacha sadaka mbele ya altare ukapatane kwanza na ndugu yako, lipo na halijapunguzwa hata dakika moja. Mwongozo wa Misale ya Kiroma, namba 45, unahimiza ukimya kabla ya ibada kanisani, sakristia na mahali padre anapovaa. Sakristia yenyewe ni darasa. Kwa desturi ya zamani, ambayo mapadre wengine wanaitunza, kila vazi lina sala yake: alba kwa ajili ya moyo uliotakaswa, mshipi kwa ajili ya usafi wa mwili, stola kwa ajili ya uzima wa milele, kasula kama nira ya Bwana. Padre hawezi kurukia altareni kutoka kwenye gari. Nguo zenyewe zinamchelewesha, na kucheleweshwa huko ndiko kuandaliwa. Sisi wa kwenye mabenchi nani anatuchelewesha? Mara nyingi dakika zetu za mwisho zinaliwa na majaribio ya vipaza sauti, kwaya inayotafuta sauti na salamu za kutoka benchi hadi benchi.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne, na yote yanawezekana wiki hii. Jumamosi jioni fungua Misale ya Waumini, usome masomo ya kesho kwa sauti, nyumba isikie. Usiku huohuo mtafute uliyekosana naye, hata kwa simu. Saa ya mfungo ihesabu kutoka mwanzo wa Misa badala ya komunyo, na mwenye afya asogee zaidi ya hapo. Kisha fika dakika 15 mapema, upige goti bila haraka, ukae kimya, ujiulize swali la Paulo.

Mwenye dawa za kumeza, mzee na mgonjwa wasijibane; sheria imewahurumia kwa makusudi, nao wana njia nyingine za kujiandaa. Nililiona hilo kwa Bibi miaka yake ya mwisho, alipokuwa hatoki tena kitandani. Siku padre alipomletea komunyo, alikuwa amekwisha kunywa uji na vidonge vyake, na mfungo haukumhusu kwa lolote. Aliomba aoshwe uso. Aliomba redio izimwe, hata ya jirani kama atakubali. Akamtuma mama atandike kitambaa cheupe juu ya kigoda na kusimamisha mshumaa. Kisha akanyamaza, macho mlangoni, karibu nusu saa, mpaka tuliposikia hodi.