Ahadi ya Seneta Obama

Mtu akituambia, "Nitalima shamba lile," twaweza kwenda kulitazama. Lakini mjumbe wa baraza akisema atawalinda raia na masikio ya serikali, kazi yake hupimwa kwa kura tu. Twataka kuipima hivyo ahadi moja ya Barack Obama, alipokuwa mjumbe wa Illinois katika Seneti ya Marekani. Wengi wetu humpenda kwa ajili ya baba yake, mtu wa Nyanza. Lakini mizani haijui ndugu.

Habari yenyewe ni hii. Mwaka 1978 Marekani iliweka sheria ya kuwa serikali isisikilize simu za watu kwa ajili ya kupeleleza mambo ya kigeni, ila kwa idhini ya mahakama maalum. Desemba 2005 ikajulikana ya kuwa Rais Bush aliamuru watu wasikilizwe pasipo idhini hiyo, na makampuni ya simu yakasaidia. Watu wakayashtaki makampuni. Ndipo ukaletwa mswada wa kuyapa kinga. Oktoba 2007, Obama akiutafuta urais, msemaji wake alitangaza ya kuwa atawaunga mkono watakaouzuia, kwa kurefusha maneno barazani, mswada wowote wenye kinga hiyo. Tuliangalie neno "wowote". Halikuacha mlango.

Siku ya kura ikawa 9 Julai 2008. Kwanza Obama alipiga kura kinga iondolewe, wakashindwa, 32 kwa 66. Hapo twamsifu. Kisha ikaja kura ya kufunga maneno, nayo ndiyo iliyokuwa kiini cha ahadi yake: 72 walikubali, naye alikuwa mmoja wao. Mswada ukapita, 69 kwa 28, akiukubali pia. Hillary Clinton, aliyekuwa ameshindana naye, alikataa.

Alijitetea ya kuwa mswada si mkamilifu, ila wairudisha mahakama kazini na kuwaagiza wakaguzi wachunguze yaliyopita. Si maneno ya bure. Julai 2009 wakaguzi walitoa taarifa, na sehemu yake ikasomwa na watu wote. Lakini yeye aliahidi kuzuia. Aliyeahidi ng'ombe akaleta mbuzi mnono, ameleta kitu, wala hajalipa.

Wako wasemao kura yake moja haingaliweza kitu, kwa kuwa 60 zilitosha. Ni kweli, na hoja hiyo yamdhuru zaidi: kama hakuweza kuuangusha mswada, basi kulishika neno lake kusingaliiharibu sheria aliyoiona kuwa yafaa.

Twamkumbuka yule mwana katika mfano wa Injili aliyesema naenda, asiende. Obama hakuwa kama yeye kabisa. Alifika shambani, akainua jembe mara moja, akarudi.

Mwaka 2009 hakimu wa San Francisco alizifuta kesi zilizoyashtaki makampuni, kwa nguvu ya sheria ile ile, nayo makampuni hayakulazimika kujibu yaliyotendwa.