Siku Mbili Kabla ya Ubao wa Kwanza

Mashine iliposhushwa kutoka kwenye kirikuu, vijana wanne waliishika pembe zake nne na bado walipumzika mara mbili kabla ya kuifikisha uani. Meza yake ni chuma cha kusubu, mwili wake ni sanduku la bati nene, na ndani ya sanduku hilo mna mota ya nguvu farasi 3. Ilifanya kazi Uingereza kwa miaka, ikaja kwa meli pamoja na mitumba mingine, nikainunua Dar es Salaam na kuipakia lori hadi Tanga. Nilikuwa nimeshaegemeza ukutani ubao wa mtiki wa Longuza, nimeupiga mstari wa penseli, nangoja kuupasua jioni ile ile.

Mzee aliyenifundisha useremala alifika baada ya alasiri. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaizunguka mashine kimya huku mikono ameifunga mgongoni.

"Umeshaiseti?"

"Bado, mzee. Ila aliyeniuzia amesema iko sawa."

"Aliyekuuzia hatakuja kupasua mbao zako, mwanangu. Rudisha huo ubao ndani."

Ubao ule ulilala ndani siku mbili. Katika siku hizo niliona ufundi ambao mteja hauoni na hatauona kamwe, kwa sababu haubaki kwenye kabati wala kwenye meza ya kulia chakula. Unabaki ndani ya mashine.

Msumeno wa meza niliokuwa nao kabla ya huu ulikuwa mdogo, wa alumini, ule wa kubeba mkononi. Umenilisha miaka 6 na siutukani. Lakini ule upau mrefu unaoegemezea ubao, tunaouita mwongozo, ulikuwa ukikazwa mbele, nyuma unacheza. Leo umekaa sambamba na bledi, kesho mkia wake umeingia ndani milimita 1 bila kukuambia. Ukipasua, ubao unatoka na ukingo mweusi ulioungua, na ukiunga mbao mbili kwa gundi unaona mwanga katikati. Siku moja kipande cha mninga kilinitoka mkononi kikapiga ukuta wa nyuma yangu kwa kishindo ambacho mama watoto alikisikia akiwa barabarani. Alama ipo ukutani hadi leo. Nilisimama pembeni kidogo ya njia yake. Ningesimama nyuma yake sawasawa, nisingekuwa naandika haya.

Nilidhani tatizo ni udogo wa mashine, kwa hiyo dawa yake ni mashine kubwa. Mzee alinionyesha kwamba nilikuwa nimeelewa nusu tu.

Bledi ya inchi 10 inayozunguka mara 4,000 kwa dakika hupitisha meno yake kwa mwendo wa zaidi ya mita 50 kwa sekunde. Kwa upande wa gari, hiyo ni zaidi ya kilomita 180 kwa saa. Meno ya mbele, yale yanayokutazama, yanashuka: yanakata na papo hapo yanaukandamiza ubao juu ya meza. Hayo ni rafiki zako. Meno ya nyuma yanapanda. Mwongozo ukielekea bledi kwa nyuma, hata kidogo, ubao unabanwa kati ya viwili hivyo, meno yanayopanda yanaunyanyua na kuurusha kwako kwa mwendo mkali. Mashine kubwa iliyopinda ni hatari kuliko ndogo iliyopinda, kwani ina nguvu zaidi ya kurusha.

Kwanza alichomoa plagi na kuiweka juu ya meza, mahali tunapoiona sote wawili. Kisha akaokota kipande cha mninga, akakiranda hadi kikaingia kwenye mfereji wa meza na kuteleza bila kucheza. Kwa juu akapigilia kijiti kilicholala kuelekea bledi, na kwenye ncha ya kijiti akafunga skrubu moja ya shaba. Hicho ndicho kilikuwa chombo chake cha kupimia.

Akachagua jino moja la bledi na kulipaka chaki. Jino moja tu, kwa sababu bledi yenyewe huweza kuwa imepinda kidogo, na ukipima jino hili mbele na lile nyuma hujui unachopima. Akalileta jino la chaki mbele, akaizungusha skrubu pole pole mpaka ikaligusa. Hakutazama. Aliinamisha kichwa na kufumba macho. Kila alipoisogeza bledi kwa kidole, jino lilipita juu ya ncha ya skrubu na kutoa sauti nyembamba, kama ukucha juu ya kombe la chaza. Akageuza bledi hadi jino lile lile likafika nyuma, akakisukuma kijiti nyuma, akasikiliza tena. Kimya. Skrubu haikugusa.

Akachana karatasi kwenye daftari langu la hesabu. Ukurasa mmoja ulipita katikati, wa pili ukapita pamoja nao, wa tatu ukakataa. "Kurasa mbili," akasema. Karatasi ya daftari ni kama sehemu ya kumi ya milimita. Meza yangu ilikuwa imepishana na bledi kwa mbili za kumi za milimita.

Nikauliza kama mbao inaweza kuona tofauti hiyo. Hakunijibu kwa maneno. Alinivuta mkono, akakiweka kidole gumba changu kwenye ukingo wa kabati nililotengeneza mwaka jana, mahali pa kuunganika. Nilisikia ukingo mdogo ambao macho yangu hayajawahi kuuona.

Meza ya mashine ya aina hii hufungwa juu ya sanduku kwa bolti nne. Alilegeza tatu, moja akaiacha imekaza nusu ili meza iwe na mahali pa kuzungukia, akagonga pembe ya meza kwa nyundo ya mbao. Tok. Akapima. Tok, tok. Akapima. Alirudi kwenye skrubu yake mara nyingi hata nikaacha kuhesabu. Magharibi ilipoadhiniwa alikaza bolti, akapima tena kwa kuwa kukaza nako huvuta meza, na kweli ilikuwa imevutwa ukurasa mmoja. Akalegeza, akaanza upya. Hakukunja uso wala hakuguna.

Wakati tunakunywa chai nilimuuliza masikio hayo aliyapata wapi. Ujana wake aliuanzia milimani Usambara, akivuta msumeno wa watu wawili, gogo likiwa juu ya jukwaa, mmoja amesimama juu na mwingine chini. Yeye alikuwa wa chini, maranda yanamwagika usoni, mstari hauoni. Aliye juu ndiye anayeuona: mstari uliopigwa kwa uzi uliochovywa kwenye unga mweusi wa betri kuukuu. Wa chini anafuata kwa mkono na kwa sikio. Msumeno ukianza kupotea, alisema, sauti hubadilika kabla mstari haujaachwa. Na kila asubuhi, kabla ya kukata chochote, saa nzima ilikwenda kwenye tupa, kunoa meno moja moja na kuyapinda huku na huku. Asiyenoa alijulikana kufika saa tano, kwa jasho.

Basi mtu huyu, aliyepasua mvule kwa mikono, hakuiogopa mashine wala hakuidharau. Aliiona kama msumeno ule ule, ila wa chini na wa juu wamekuwa chuma, na kazi ya saa moja ya tupa sasa ni kazi ya bolti na karatasi. Msumeno wa mviringo wenyewe si wa juzi. Samuel Miller wa Southampton aliandikisha hataza iliyoutaja mwaka 1777.

Siku ya pili aliilaza bledi kwenye nyuzi 45 na kupima tena. Hili sikuwahi kulisikia. Meza inaweza kuwa sawa na bledi iliyosimama, ikawa si sawa na bledi iliyolala, kwa sababu ekseli ya kulaza haiko sambamba na uso wa meza. Dawa yake ni kunyanyua upande mmoja wa meza kwa unene mdogo mno. Akamtuma mwanangu kopo tupu la soda. Bati la ubavuni mwa kopo ni kama sehemu ya kumi ya milimita, halibonyei kama karatasi wala haliozi. Alilikata kwa mkasi vipande viwili vidogo kama stempu, akavisukuma chini ya meza kwenye bolti za nyuma, akakaza. Akafumba macho, akasikiliza. Jino likaimba mbele, likaimba nyuma, sauti ile ile. Kila ninapofungua meza ile kusafisha naviona vipande hivyo viwili, kimoja bado kina rangi nyekundu.

Mwongozo ulikwenda haraka, kwa kuwa huu ni wa chuma kizito unaobana mbele na kukaa. Lile bapa la chuma linalosimama nyuma ya bledi kama pezi ndilo lililomchukua muda. Kazi yake ni kuzuia mpasuko usijifunge na kuishika bledi, na pia kuuzuia ubao usiyafikie meno yanayopanda. Lazima liwe nene kuliko bati la bledi na jembamba kuliko njia ya meno. Bledi yangu inakata njia ya milimita 3.2, bati lake ni 2.2, bapa ni 2.5. Mafundi wengi ninaowajua hulifungua na kulitupa kwa sababu linawasumbua. Mzee, ambaye mkono wake wa kushoto una vidole vitatu, alilifunga kwa uangalifu kuliko kitu kingine chochote na kuniambia nikimkuta mtu amelifungua kwenye mashine yangu nimfukuze uani. Mwaka 1999 Mmarekani Stephen Gass alibuni mtambo unaohisi kidole kikigusa bledi na kuisimamisha kwa muda wa kama sehemu 5 za elfu za sekunde, kwa kuisukumia kipande cha alumini menoni. Ninautamani mtambo huo kwa moyo wote. Kwa sasa nina bapa, nina fimbo mbili za kusukumia ubao, na nina sura ya mkono ule.

Umeme nisiuzungumze sana: mota ya nguvu farasi 3 huvuta mkondo mkubwa inapoanza, na fundi umeme alinivutia waya wake peke yake kutoka kwenye kisanduku cha swichi.

Tulipoiwasha mara ya kwanza mzee aliisimamisha sarafu ya shilingi 200 kwa ukingo juu ya meza. Ikaanguka. Tukazima, tukafungua sanduku. Mkanda ulikuwa umekaa miaka kwenye pulii bila kuzunguka hadi ukashika umbo lake, na kila mzunguko uligonga kama moyo uliochoka. Nikaenda mjini kununua mpya. Tukanyoosha pulii mbili kwa uzi, tukawasha. Sarafu ikatikisika kidogo, ikasimama. Sijui nilitazama ile sarafu kwa muda gani.

Uso wa meza tuliusugua kwa msasa laini na mafuta ya taa, tukaukausha, tukaupaka nta ya mshumaa na kuing'arisha kwa kitambaa cha kanga kuukuu. Hewa ya bahari hapa Tanga haina huruma na chuma. Ukiacha jasho la kiganja usiku, asubuhi kiganja kimechorwa kwa kutu.

Ilipofika saa kumi na moja ya siku ya pili, mzee akasema, "Haya, lete ubao wako."

Nilifunga bledi ya meno 24. Kwa kupasua, meno machache ni bora: mashimo kati yake ni makubwa na hubeba maranda marefu yanayotoka ukifuata nyuzi za mti. Meno yana ncha za kabaidi, kwani mtiki una silika ndani yake inayokula chuma cha kawaida, kama ambavyo mvule huficha vijiwe vyeupe vya chokaa vinavyoweza kumaliza makali kwa mpasuko mmoja. Mzee akasimama upande, si nyuma yangu. Nikawasha, nikangoja sauti itulie, nikausukuma ubao.

Haukupigana. Nilizoea kusukuma kwa kifua, nikajikuta nasukuma kwa vidole. Sauti haikubadilika kutoka mwanzo hadi mwisho, na harufu ya mtiki, ile ya ngozi mpya na mafuta, ikajaa uani. Nikapasua wa pili. Nikazima, nikangoja bledi isimame kabisa, nikaziunganisha kingo mbili na kuziinua kwenye mwanga wa jua linalozama. Hakukupita kitu.

Mzee alichukua ubao mmoja, akapitisha kidole gumba ukingoni kutoka kichwa hadi mkia, taratibu, macho yamefumbwa. Akaubana kwenye jiriwa, akaniashiria randa iliyokuwa ukutani.

"Mikupuo miwili," akasema. "Usizidishe."

Nikaranda. Randa la kwanza lilitoka refu kama ubao wenyewe, jembamba kiasi cha kuona kucha zangu kupitia humo, halikukatika popote. Akaliokota sakafuni, akalikunja, akaliweka kwenye mfuko wa shati na kuuliza kama chai imebaki.