Korosho ya Kanga Si "Paisley"



Juzi nilipita Souq Waqif kumtafutia mama mkwe zawadi. Muuzaji mmoja akanikunjulia shali ya sufu yenye nakshi, akaisifu: "Paisley halisi, ya Kashmir!" Nikacheka, kisha nikaona aibu. Katika tasnifu yangu niliandika "nakshi ya Paisley" kila nilipokutana na umbo lile kwenye kanga.

Jamani, Paisley ni mji wa Uskoti, jirani na Glasgow. Shali za Kashmir zilipowapagawisha mabibi wa Paris na London, Josephine mke wa Napoléon akiwamo, wafumi wa Paisley walianza kuziiga mwanzoni mwa karne ya 19. Kule Kashmir shali moja bora ingeweza kukaa kwenye kitanda cha mfumi zaidi ya mwaka, kila rangi na kijiti chake cha uzi. Paisley baadaye wakaingiza mashine ya Jacquard, kazi ikaenda haraka, bei ikashuka. Miaka ya 1870 fasheni ile ikafifia Ulaya. Jina la mwigaji ndilo lililobaki.

Na mwenye kazi? Mwaka 1846 Waingereza walimwuzia Gulab Singh nchi ya Kashmir, na mkataba ukamtaka atoe kila mwaka farasi 1, mbuzi 12 na shali jozi 3. Aprili 1865 wafumi wa Srinagar waliandamana kupinga kodi iliyowakamua. Askari wakawavamia, wengine wakafa maji. Hao hakuna nakshi iliyopewa jina lao.

Bibi zetu wa pwani waliliona umbo lile kwenye kanga wakaliita korosho. Atasema mtu: nao wamebatiza cha wenyewe, tena mkorosho wenyewe uliletwa na Wareno kutoka Brazil! Kweli kabisa. Lakini korosho ni jina la kinachoonekana kwa macho, kama vile Wahindi wengi wanavyoliita embe. Halimpokonyi mtu jasho lake. "Paisley" linampa sifa aliyenakili.

Basi tukiandika Kiswahili tuseme korosho, na tukieleza asili ya shali zile tuwataje wafumi wa Kashmir. Tasnifu yangu iko maktaba, siwezi kuifuta. Ninyi wenye wanafunzi, wasahihisheni mapema.

Shali niliinunua, baada ya kuvutana bei.

Wasalaam.