Kabla ya Boma: Riwaya ya Kihistoria ya Kiswahili na Karne Zilizorukwa za Nchi ya Meru

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, riwaya ya kihistoria imejadiliwa zaidi kwa matukio inayoyasawiri kuliko kwa mipaka ya wakati inayojiwekea. Tukiitazama mipaka hiyo, tunabaini kuwa wakati uliopita wa riwaya zetu mashuhuri ni mfupi. James Mbotela, katika Uhuru wa Watumwa (1934), anaanzia kwenye biashara ya watumwa ya karne ya 19. M. M. Mulokozi, katika Ngome ya Mianzi (1990), anarejea vita vya Wahehe na Wajerumani vya miaka ya 1890. Adam Shafi, katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978), anasawiri Unguja iliyozaa Mapinduzi ya 1964. Hata Peponi (2022), tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, inakomea ukingoni mwa Vita Kuu ya Kwanza. Karne zilizotangulia, hasa zile ambazo wanahistoria wa Ulaya huziita Zama za Kati, zimeachiwa wanaakiolojia. Tahakiki hii inadai kwamba pengo hilo halitokani na uhaba wa habari peke yake, bali na namna riwaya yetu ilivyokubali kuanza historia pale mgeni anapofika. Nchi ya Meru na Arusha inatumika hapa kama mfano, kwa kuwa huko suala la nani alianza lina uzito wa ardhi.

Istilahi yenyewe inahitaji tahadhari. Zama za Kati ni kati ya nini na nini? Kwa Ulaya, ni kati ya kuanguka kwa Roma na mwamko wa elimu. Kwa mkulima wa miteremko ya Meru, mgawanyo huo hauna maana. Hata hivyo, kalenda ya pamoja ina faida yake. Umberto Eco aliiweka riwaya yake Il nome della rosa (1980) katika monasteri ya Italia mwaka 1327. Miaka minne baadaye, mwaka 1331, Ibn Battuta alitia nanga Kilwa na kuukuta mji wa Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, mji uliotajirika kwa dhahabu ya Sofala. Msomaji wa Arusha aliyeisoma riwaya ya Eco anaweza kuifahamu maktaba ya watawa wa kubuni kuliko anavyoufahamu mji wa kweli uliomo nchini mwake. Si kosa la Eco. Ni deni la waandishi wetu.

Wala haiwezi kudaiwa kwamba fasihi ya Kiswahili haikuwahi kuuonea shauku wakati huo. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728, unasimulia vita vya karne ya 7 baina ya Waislamu na Warumi wa Herekali. Fumo Liyongo ameishi katika nyimbo na masimulizi kwa karne nyingi kabla Muhammad Kijumwa hajautunga utenzi wake mwaka 1913. Kwa hiyo, hamu ya kale ilikuwapo. Kilichobadilika ni utanzu. Utendi huyachukua ya kale kama kielelezo cha imani na ushujaa, na haujali sana kama shujaa wa karne ya 7 anavaa na kula kama mtu wa Pate. Riwaya haina uhuru huo. Inadai vyombo, vyakula, bei, na hofu za siku kwa siku. Isitoshe, riwaya ilitufikia kupitia shule na matbaa za wakati wa ukoloni, ambako Mwafrika alifundishwa kuwa historia yake ni historia ya kufikiwa. Utanzu ulipobadilika, kale nayo ilifupishwa.

Kazi moja inaonyesha kuwa njia nyingine ilikuwapo. Aniceti Kitereza alikamilisha kwa Kikerewe, mwaka 1945, simulizi ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ikachapishwa mwaka 1980. Ukerewe yake ni ya kabla ya wakoloni, na wakati wake haupimwi kwa miaka bali kwa mimba, misimu, maradhi na pombe ya ndizi inayodaiwa ili mke arudishwe kwa mumewe. Hapa hakuna mfalme anayebeba mhimili wa hadithi, wala vita vinavyoamua hatima ya taifa. Kuna ndoa inayotafuta mtoto. Ndiyo sababu msomaji anaamini. Udhaifu wake unatoka mahali pale pale penye nguvu yake: nia ya kuhifadhi mila humfanya msimulizi asimame mara kwa mara kueleza desturi, hata jamii ionekane kana kwamba haijui mabadiliko. Kale inapogeuzwa ghala la mila, inapoteza sifa ya kuwa historia, kwa sababu historia ni watu kutofautiana juu ya lipi litendwe kesho.

Nchi ya Meru imepata riwaya ya namna tofauti. Ismael Mbise alichapisha Blood on Our Land mwaka 1974, kwa Kiingereza, juu ya mgogoro wa ardhi uliofikia kilele mwaka 1951, pale takriban watu 3,000 walipoondolewa Engare Nanyuki na maeneo jirani ili kuwapisha walowezi. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet aliyafikisha malalamiko ya Wameru kwenye Umoja wa Mataifa, New York. Thamani ya riwaya hiyo ni kwamba inaonyesha historia ikifanya kazi: watu wanadai ardhi kwa kukumbuka. Lakini kwa kuwa tukio linaloipa uzito ni unyang'anyi, msomaji huelekea kuiona kale yote ya mlimani kama utangulizi wa unyang'anyi huo. Mkoloni anashindwa kimaadili, ila anabaki kuwa ndiye anayeifanya hadithi iwezekane.

Je, kabla ya hapo palikuwa na nini? Thomas Spear, katika Mountain Farmers (1997), anaeleza kuwa Wameru walianza kukaa kwenye miteremko ya kusini mashariki katika karne ya 17, na Waarusha wakafika upande wa kusini magharibi katika miaka ya 1830. Boma la Wajerumani, ambalo leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, lilijengwa mwaka 1900, na mji wa Arusha ukakua kulizunguka. Mbali zaidi, katika wilaya ya Monduli, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, yapo magofu ya Engaruka. Kati ya karne ya 15 na ya 18 wakulima wa hapo walijenga makazi juu ya matuta ya mawe, wakachimba mifereji, na kumwagilia mashamba ya mtama katika nchi kame. Wanaakiolojia hawajaafikiana kuhusu uhusiano wao na jamii za leo. Wengine huwalinganisha na Wasonjo, ambao nao ni mafundi wa mifereji.

Mfereji ndio mahali ambapo riwaya ya karne hizo ingeweza kuanzia. Maji yanayogawanywa kwa zamu huzaa siasa bila kuhitaji kasri: nani anafungua, nani anaiba usiku, nani anahukumu, nani anahama mto unapopungua. Mwandishi hahitaji jina la mtawala ambalo halikuhifadhiwa. Anahitaji kujua kazi ya mikono na gharama ya ukame.

Ugumu mkubwa zaidi ni wa lugha. Wakulima wa Engaruka hawakuzungumza Kiswahili, hivyo kila mazungumzo yatakayoandikwa ni tafsiri ya lugha isiyokuwapo tena masikioni. Kishawishi cha kwanza ni kutumia msamiati wa kale wa tendi ili kuipa simulizi harufu ya ukongwe. Kishawishi hicho kikataliwe. Ukale wa Kingozi ni ukale wa Lamu na Pate. Ukimvika mkulima wa bara unamfanya mtu wa pwani aliyepotea njia. Kishawishi cha pili ni mazoea. Hata mwandishi wa Kilwa ya mwaka 1331 hana meza, bendera wala gereza, kwa kuwa maneno hayo yaliletwa na Wareno, ambao hawakuonekana pwani hii kabla ya 1498. Mwandishi wa Engaruka ya awali hana mahindi, maharage wala muhogo. Na anayeandika juu ya Meru ya karne ya 17 afute mibuni yote anayoiona leo kutoka barabarani. Kitereza anatufundisha kuwa inatosha Kiswahili sahili, kilichosafishwa vitu vya baadaye, na kinachopima wakati kwa vipimo vya wahusika: rika, mvua, mavuno.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa kwa uzito. Katika nchi ambayo ardhi imewahi kudaiwa kwa ushahidi wa kumbukumbu, riwaya inayobuni waanzilishi inaweza kugeuzwa hati ya madai. Anayeandika kwamba mifereji ya Engaruka ilichimbwa na mababu wa kabila fulani anaweza kusomwa kama shahidi, hata akitangaza kuwa amebuni. Hatari hiyo ni ya kweli, lakini tiba yake si kunyamaza. Ukimya nao ni dai, kwa kuwa huacha uwanja kwa masimulizi ya nchi tupu iliyokuwa ikisubiri wenye boma. Tiba ni ya kisanaa: mwandishi asiupe mwanzo mmiliki mmoja. Awaweke katika bonde lile watu wa asili mbalimbali, wakulima na wafugaji, waliooana, walioshitakiana na kuhamiana, na amwachie msimulizi ujuzi wa mtu mmoja tu, asiyejua yeye atakuwa babu wa nani.

Kwa kigezo hicho, riwaya bora ya kihistoria haitapimwa kwa ukongwe wa tarehe zake. Itapimwa kwa uwezo wa kumrudishia mtu wa kale kutojua kwake kesho. Mbotela, Mulokozi na Mbise wanawasawiri watu ambao msomaji anajua tayari nini kitawapata. Mkulima wa Engaruka anatupa nafasi ambayo riwaya ya Kiswahili haijaitumia ipasavyo: kumsoma mtu wa nchi hii akihangaikia maji yake, bila bendera yoyote kuonekana kwenye upeo wa macho.